Jinsi ya Kukaa na Selo

Baba yangu ni mtu wa utumishi, na hata nyumbani alibaki kuwa afisa utumishi. Ukimwomba jambo hakukuambia ndiyo wala hapana. Alisema, "Nimelipokea," nawe ukaondoka ukijua kuwa jambo lako limeingia kwenye foleni. Mama, ambaye ni muuguzi na hana subira na foleni ya mtu yeyote, alimkumbusha mara nyingi kwamba watoto si watumishi wa umma. Baba alilipokea hilo pia.

Tulikuwa tumehamia Dodoma pamoja na wizara yake, tukapanga nyumba Miyuji. Mimi nilikuwa kidato cha pili, na nilikuja na kinyongo cha kuachanishwa na marafiki zangu wa Dar es Salaam. Dodoma niliichukia kwa bidii. Niliuchukia upepo wa mchana unaotia vumbi hadi kwenye kikombe cha chai, nikaichukia midomo yangu iliyopasuka, nikalichukia hata jua, kama vile tulikotoka hakukuwa na jua. Kwa hiyo tulipotangaziwa shuleni kwamba ipo okestra ya vijana inayofanya mazoezi kila Jumamosi kwenye bwalo la shule ya jirani, na kwamba mafunzo ni bure na vyombo vipo, nilikwenda kwa baba si kwa kupenda muziki bali kwa kukosa pa kupeleka Jumamosi zangu. Aliuliza vyombo vyenyewe ni vipi. Nikamwambia ni violini na vinginevyo, maana hata mimi sikujua zaidi ya hapo. Akalipokea, na baada ya siku kadhaa jambo langu likatoka limekubaliwa.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mfupi mwenye tumbo la heshima, ambaye kwa miaka mingi aliongoza kwaya na kupiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa. Alikuwa na tabia ya kugawa vyombo kwa kumwangalia mtu anavyoingia mlangoni. Mimi nilikuwa mrefu kuliko wasichana wote na wavulana wengi, na urefu huo ulikuwa umeniletea majina ya utani ambayo sitayaandika hapa. Aliponiona alipiga makofi mara moja, akasema mikono hiyo alikuwa anaisubiri. Kabla sijajua ninachofanyiwa nilikuwa nimekalishwa ukingoni mwa kiti na nimepewa selo.

Selo, kwa asiyeijua, ni dada mkubwa wa violini. Haikai begani. Unaiegemeza kifuani, unaibana kidogo kwa magoti, na shingo yake inapita karibu na sikio lako la kushoto, kisha unavuta upinde kwenye nyuzi kama mtu anayekata mkate mrefu bila haraka. Siku ya kwanza nilitoa sauti ya mlango unaohitaji mafuta. Lakini hata ule mlango niliusikia magotini kwanza, halafu kifuani, ndipo ukafika masikioni. Sikuwahi kushika kitu kinachonijibu namna ile. Nilirudi nyumbani nimenyamaza, na mama akanipima homa.

Bwaloni tulikuwa mchanganyiko wa kila namna. Nusu tulikuwa watoto wa maofisini, tuliotoka Mbeya, Mwanza, Tanga na kwingineko, na nusu walikuwa watoto wa Dodoma yenyewe, wengi wao Wagogo waliokulia kwenye kwaya. Hawa wa pili walituacha midomo wazi. Ukimwimbia mmoja wao wimbo asioujua, wa pili anaingia na sauti ya juu, wa tatu ya chini, na hakuna aliyepangwa na mtu. Mwalimu alijua utajiri huo, na sheria yake ilikuwa moja: hakuna kugusa chombo kabla hujaimba sehemu yako. Alituandikia ubaoni kwa herufi za do re mi, zile zile za kwaya. Koo kwanza, mkono baadaye. Nimewahi kusikia walimu wengine wakiicheka njia hiyo. Mimi naishukuru mpaka leo, maana ndiyo iliyonifundisha kwamba chombo hakiwezi kujua wimbo ambao mwenyewe huujui.

Nilipewa pia kazi ya kunywesha selo maji. Hewa ya Dodoma wakati wa kiangazi inakausha mbao mpaka gundi inaachia, kwa hiyo ndani ya kila mfuko wa selo tuliweka kisahani cha sabuni chenye kifuniko kilichotobolewa, na ndani yake sifongo mbichi. Mimi ndiye niliyepita Jumamosi hadi Jumamosi nikilowesha sifongo hizo. Wenzangu wakaanza kuniita mama wa watoto. Kwa mara ya kwanza tangu tuhame nilikuwa na jina la utani nililolipenda.

Halafu baba akaja kunichukua.

Alikuwa amepata lifti ya gari la ofisi, akaona apitie bwaloni. Tulikuwa katikati ya wimbo. Nilimwona amesimama mlangoni na mkoba wake, nikavuta upinde kwa mbwembwe zaidi, maana nilitaka aone. Aliona. Sikuelewa uso wake mpaka tulipofika nyumbani, tukala, na akanisubiri niondoe vyombo mezani ndipo aseme. Hakupaza sauti. Baba hajawahi kunipazia sauti maishani mwangu, na hilo pia namshukuru, ingawa siku ile ningependa apaze ili na mimi nipate pa kuanzia.

"Kile chombo hakikai vizuri kwa mtoto wa kike," alisema. "Chagua kingine."

Amekulia Songea, kwenye nyumba ambamo msichana alirekebishwa kwa jicho tu: funga miguu, vuta sketi, kaa upande. Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Aliona binti yake ameketi mbele ya watu magoti yakiwa mbalimbali, na kila alichofundishwa kuhusu adabu kikasimama kizimbani pamoja nami. Sketi yangu ilifika chini ya magoti, lakini hoja ya sketi sikuruhusiwa kuimaliza. Mama alijaribu. Baba alimjibu kwamba hajakataza muziki. Violini ipo, filimbi ipo, na kwa kitu kinachopigwa mtu akiwa ameketi vizuri hata leo yuko tayari.

Nilimwambia mama kwamba kama si selo basi sitaki hata kengele. Sikurudi bwaloni. Nilisugua masufuria ya nyumba ile kwa hasira mpaka yakang'aa, na mama, ambaye hana huruma na mtu anayenuna, alisema uamuzi wa baba umeleta faida asizozitarajia. Lakini usiku aliwahi kukaa kitandani pangu akinichezea nywele, nami nikajua yuko upande wangu.

Mwalimu alikuja nyumbani kuniombea. Alipewa chai, akapewa shukrani, akasindikizwa hadi getini, na hakupewa alichofuata. Hapo getini akauliza kwa unyonge kuhusu lile jambo la mgeni. Miezi kadhaa nyuma baba alikuwa amekubali tupokee kijana mmoja wa okestra ya Uholanzi, ambayo ingekuja kufanya mazoezi pamoja na yetu kwa muda wa wiki mbili na kufunga kwa onyesho. Baba alishangaa kuulizwa. Akasema neno lake kuhusu mgeni liko palepale. Ndivyo alivyo, angeweza kunitoa mimi kwenye okestra, lakini si kumrudisha mgeni njiani.

Kijana akaja. Alikuwa mrefu kunizidi, masikio yamebabuka kwa jua kabla hata hajamaliza siku mbili, na adabu zake zilikuwa nyingi kuliko mahitaji. Alikuwa amefundishwa shikamoo huko kwao bila kuambiwa anayestahili ni nani, kwa hiyo alimwamkia baba, akamwamkia mama, akaniamkia na mimi. Nilimwitikia marahaba kwa sauti nzito na sikumrekebisha mpaka siku ya tatu. Alilala sebuleni. Na mgongoni, aliposhuka garini, alikuwa amebeba selo.

Nilimtazama baba akiutazama mfuko ule ukiingizwa ndani kwake. Alisema karibu, akasogeza meza ili uwe na nafasi.

Asubuhi yake kijana alibeba kiti hadi uani, chini ya ukingo wa bati, akaanza mazoezi. Mimi nilikuwa jikoni naosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Alivyopiga sijui nielezeje; upinde wake ulikuwa mrefu na hauna papara, na nilihisi wivu na furaha kwa wakati mmoja, mpaka nikashindwa kujua kinachonitoa machozi ni kipi. Nilipotulia nilimpelekea kisahani cha sabuni chenye sifongo mbichi, nikamwonyesha pa kukiweka. Aliniuliza kama na mimi napiga. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba nilikuwa napiga, ila baba hapendi. Alisimama, akanipa upinde niushike kidogo, basi.

Hapo ndipo mwenye nyumba wetu alipotokea. Alikuwa mama wa Kigogo wa makamo ya bibi, mjane, anaishi nyumba ya mbele kwenye uwanja huohuo, na sauti yake ilikuwa inafika kabla yake. Tulimwita bibi. Kwao ni kijiji kimoja mbele ya Msalato, na huko alikuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake wapiga muheme. Muheme ni ngoma za Wagogo, nyembamba kiunoni, na mpigaji huibana katikati ya mapaja akaipiga kwa viganja huku mabega yakicheza. Siku hizi vikundi vya mjini huchanganya wake kwa waume, lakini kwenye kikundi cha bibi muheme ilikuwa ya wanawake tu, kama ilivyokuwa kwa mama yake na kwa bibi yake. Wanaume walikuwa na mazeze yao.

Kijana alikuwa ameketi tena na anaendelea. Bibi alisimama na ufagio wake, akatazama, akaegemea ukuta, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Alimwita mama aje aone mwanaume aliyekalia muheme. Baba alitoka na tai mkononi kuuliza kuna nini. Akaelezwa. Kwa upole wake wa kiofisi alimfahamisha bibi kwamba hiyo si ngoma, ni chombo cha nyuzi cha Ulaya.

"Ngoma au si ngoma, mimi sijui," bibi alisema. "Kinachobanwa magotini ni cha mwanamke. Huyu kakosa mtu wa kumwambia?"

Baba alifunga tai yake palepale. Alikwenda kazini bila kumaliza chai, na kwa mtu anayemaliza kila kitu hilo halikuwa jambo dogo. Mimi nililiona, nikalihifadhi, lakini sikuthubutu kulitumainia.

Wiki hizo mbili nilizipata kwa kusimuliwa. Jioni kijana alirudi na habari za bwaloni, na tuliongea kwa mchanganyiko wa lugha na mikono. Wageni walikuja na makaratasi ya noti za muziki ambayo wengi wetu hatukuyajua, na wenyeji walikuwa na do re mi ambazo wageni hawakuzijua. Mwalimu hakubadili sheria. Wageni nao waliambiwa waimbe kwanza. Kijana aliniambia kwamba wenzake waligeuka wekundu kama nyanya, maana kwao mpiga chombo haimbi, na kwamba yeye mwenyewe hakuwa ameimba mbele ya watu tangu akiwa mdogo. Siku aliyorudi akiimba sehemu yake ya selo njia nzima, akiupotosha wimbo vibaya, mama alimpa ugali wa uwele na mlenda kumpongeza. Alikula wote. Mlenda ulivutika mpaka kidevuni kwake na hakulalamika.

Mwalimu alikuwa ametunga kipande cha kufungia ziara ile, muheme na nyuzi kwa pamoja. Alitaka kina mama waje mjini. Bibi alikataa, anayeitaka muheme aifuate kwao. Basi ikapangwa kwamba onyesho lifanyike kijijini kwake Jumapili baada ya ibada. Kina mama walifanya mazoezi kule, okestra ikafanya huku, na mwalimu akawa anakwenda na kurudi na simu yake akiwasikilizisha hawa sauti za wale. Sauti walisikilizana vizuri. Kuonana hawakuonana mpaka siku yenyewe.

Tulikwenda sote kwa mabasi madogo ya kukodi. Baba alialikwa na bibi kama mpangaji wake, na asingekataa mwaliko wa mwenye nyumba. Mama alikuwa zamu. Mimi nilikwenda na chupa za maji na kazi yangu ya sifongo, ambayo mwalimu alinirudishia kwa siku hiyo, nadhani kwa kunihurumia. Viti vya okestra vilipangwa nusu duara mbele ya kanisa, mbele yake wakaketi kina mama na ngoma zao, wamevaa kaniki na shanga zimepishana mabegani. Wanakijiji walijaa pembeni. Pembeni pia kulikuwa na moto ambapo wanaume walikuwa wamemaliza kuzipasha ngoma ngozi zake zikaze. Selo zilizoletwa siku hiyo zilikuwa mbili. Moja ya mgeni wetu, na moja ile niliyokuwa nikiipiga mimi, ambayo sasa alipewa kijana mmoja wa kwaya.

Mwalimu aliinua mikono. Bibi alitakiwa aanze kwa filimbi. Aliipuliza kweli, lakini mpulizo mmoja mkavu, wa kusimamisha. Akaonyesha kwa kidole. Hao wawili wanyanyuke.

Mwalimu aliteremka kumsikiliza. Tulisikia sote, maana bibi hakujua kunong'ona. Kumbe tangu kicheko chake cha siku ya kwanza, kila asubuhi alipomwona kijana uani, alidhani anaiandaa tu ile selo. Hapa kwao wanaume ndio wanaowabebea kina mama ngoma, ndio wanaozipasha moto na kuzijaribu kwa kidole, na siku ikifika wanamkabidhi mwanamke. Aliona mpangaji wake ana binti mrefu mwenye mikono, ana mgeni anayeipasha moto kwa bidii, akajua binti ndiye atakayeketi. Hakuwa na ugomvi na Mzungu. Ila wanaume wawili kukaa vile katikati ya wapiga muheme, yeye na wenzake wasingepiga.

Mwalimu aliomba. Alieleza kwamba huko Ulaya selo ni ya wote. Bibi alikubali kabisa kwamba huko Ulaya iwe ya wote. Wenzake wakaondoa viganja kwenye ngoma, wakatulia, mmoja akaanza kumpangusa mjukuu wake pua. Mgeni wetu alipotafsiriwa alisimama mara moja, akaacha kiti wazi, akaanza kunitafuta kwa macho. Yule wa kwaya naye akasimama. Viti viwili vikabaki vitupu, na watu wote, kwanza bibi, kisha mwalimu, kisha okestra nzima, wakanigeukia mimi niliyesimama na chupa za maji.

Mimi nilimgeukia baba.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la wageni, amevaa suti. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kile kiti, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kwamba atasema amelipokea. Alinyanyuka. Alitembea hadi kwa bibi, akainama kidogo kama anavyofanya kwa wakubwa zake. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye anaheshimu sana mila za watu, ila kwao wao mtoto wa kike hafundishwi kukaa hivyo mbele ya hadhara.

Bibi alikuwa bado na ngoma yake magotini. Hakuinuka.

"Baba, nitazame," alisema. "Nimekaa hivi tangu sijaolewa. Nimekaa hivi mbele ya mchungaji na mbele ya wakubwa wa serikali. Mume wangu alinizalisha, akanizikia mama yangu, akafa, hakuna siku aliona nimemvunjia heshima. Wewe unaona nimekosa adabu?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Baba alimtazama, kisha akawatazama na wale wengine, wanawake wa umri wa mama yake mzazi, wameketi wima, magoti mbalimbali, ngoma katikati, wakimsubiri. Hakuna aliyeinamisha macho. Sijui alichokiona; hajawahi kuniambia.

"Hapana, mama," alisema. "Sijaona kosa." Halafu akanigeukia. "Nenda kakae."

Bibi alivua kaniki moja kati ya mbili alizojifunga, akaifunga mwenyewe kiunoni mwangu, akaivuta ikafunika magoti hadi miguuni, kama walivyofunika wao. Ilinukia moshi na mafuta ya kupaka. Nikaketi kwenye kiti cha mgeni, na selo yake, maana aliisukuma mikononi mwangu akakataa niende kwenye ile nyingine. Kwenye ile nyingine akaketi msichana wa violini aliyewahi kuijaribu kidogo. Wavulana wawili wakapelekwa upande wa wanaume wa mazeze, na mzee mmoja akamkabidhi mgeni wetu zeze lake, akamwonyesha ulimbo wa kupaka upinde. Kijana akanusa ule ulimbo, akatoa wake mfukoni, akampa mzee aunuse. Wakacheka wote wawili.

Sikuwa nimefanya mazoezi ya kipande kile hata mara moja. Lakini nilikuwa nimekisikia uani kila asubuhi, na nilikuwa nimekiimba jikoni juu ya vikombe mpaka mama akakereka, na mwalimu alikwisha kutufundisha kwamba anayeweza kuimba ameshafika nusu ya njia. Ile nusu ya pili niliipapasa. Kuna mahali nilichelewa na kuna mahali nilipiga uzi usio wenyewe kwa nguvu zote. Muheme zilinibeba. Bibi alikuwa mbele yangu, na kila kiganja chake kilipotua nilikisikia kwenye mbao za selo, nami nikivuta chini nilimwona akiitikia kwa shingo. Hatukuangaliana kama mtu wa mjini na mtu wa kijijini, wala kama mpangaji na mwenye nyumba. Tulikuwa wanawake wawili tulioketi namna moja. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na hiyo ndiyo siku niliyoacha kuichukia Dodoma.

Wageni waliondoka wiki hiyo. Kijana alitaka kuniachia kitu, akaniachia upinde wake wa akiba. Nimefundisha watoto wengi kwa upinde huo, wasichana kwa wavulana, maana baadaye hata bibi alilegeza, akasema mjini kila mtu akae anavyoweza. Yeye namshukuru kwa kaniki, mwalimu kwa koo kabla ya mkono, na kijana wa watu kwa kunyanyuka haraka bila kuona ameonewa. Nimekutana na wakubwa wengi wasioweza hilo.

Lakini ninayemkumbuka zaidi nikiwa peke yangu ni baba, kwenye safari ya kurudi siku ileile. Dereva wa basi letu alikuwa anapakia mizigo, na alitaka selo zipandishwe juu ya paa pamoja na viti. Mgeni aliingia na yake akaipakata. Ile ya okestra ikabaki chini, na basi lilikuwa limejaa. Baba alikuwa ameshakaa. Alishuka, akaipokea kutoka mikononi mwa utingo, akaiingiza ndani taratibu kama anayemsaidia mgonjwa, akaiketisha kwenye kiti chake dirishani. Yeye akasimama. Vijana wawili watatu walinyanyuka kumpisha, akawakatalia. Barabara ya kule ilikuwa mbaya kwa sababu ya malori ya ujenzi, na kila tuliporuka kwenye shimo aliishika selo shingoni kwa mikono miwili, suti yake imejaa vumbi, kichwa kimeinama kwa sababu bati lilikuwa chini.

Tulipoipita Msalato dereva akamwangalia kwenye kioo, akamuuliza kwa utani, "Mzee, unateseka hivyo, mzigo wenyewe wa nani?"

"Si mzigo," baba alisema. "Ni selo ya binti yangu."